Duka Limejaa, Droo Tupu: Kisa cha Duka la Mtaa Tudor

Duka linalochambuliwa hapa liko Tudor, kisiwani Mombasa, si mbali na barabara ya Tom Mboya. Ni duka la mfano. Limejengwa kutokana na mambo yanayoonekana katika maduka mengi ya kisiwani, na fedha zinazotajwa zinaonyesha namna ya kupiga hesabu. Si siri za mfanyabiashara yeyote. Tarehe za funga, masharti ya mizani, kodi na tabia ya unga kwenye unyevu ni kama zilivyo.

Lalamiko la mwenye duka lilikuwa hili: rafu zimejaa hadi dari, wateja wa kila asili wanaingia, lakini kila mwisho wa mwezi anatafuta pesa za kumlipa muuzaji wa jumla. Yeye mwenyewe alikwisha kujipa jibu. Aliamini mtaa una watu wa namna nyingi mno kwa duka dogo, kwa hiyo kila alipomkosa mteja aliongeza bidhaa. Mama wa Kikamba akiulizia muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) na kuikosa, wiki ijayo gunia lipo. Mwanafunzi akiulizia tambi za pakiti za ladha fulani, katoni inaagizwa. Bibi wa Kigujarati akiondoka bila kununua, aina mbili mpya za dengu zinapangwa rafuni.

Jibu hilo lilikuwa na mantiki, ila lilikuwa la ugonjwa mwingine.

Nani ananunua, na daftari linasema nini

Mtaa wenyewe kweli ni wa mchanganyiko. Kuna nyumba za Waswahili na za Waarabu wenye asili ya Hadhramaut, majengo ya ghorofa yenye familia za Wagujarati, wengine Wahindu na wengine Wajaini (wafuasi wa dini ya asili ya India isiyoruhusu nyama, samaki wala yai), na Mabohora kadhaa, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Gujarati. Kuna Wakamba, Waluo, Wakikuyu na Waluhya wanaofanya kazi bandarini, maofisini na katika hospitali kuu ya Pwani. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa waliopanga vyumba kwa makundi. Na kuna Wagiriama na Waduruma wanaovuka asubuhi kuja kazini kisiwani na kununua vitu vya nyumbani jioni wakielekea matatuni.

Duka lina upana wa futi 12 na urefu wa futi 18, na stoo ndogo nyuma. Mauzo ni kama shilingi 22,000 kwa siku, yaani 660,000 kwa mwezi. Faida ghafi ni asilimia 12, sawa na 79,200. Toa kodi ya nyumba 18,000, mshahara wa kijana 17,000, stima na maji 5,500, kodi ya mauzo 19,800, na 2,000 za leseni ya kaunti na vyeti vya afya zikigawanywa kwa miezi. Zinabaki 16,900. Vitu vinavyooza, kuvunjika na kupitwa na tarehe vinakula 9,000 nyingine. Mwenye duka anabaki na 7,900, na hapo hajajilipa mshahara.

Thamani ya bidhaa zilizomo dukani kwa bei ya kununulia ni 620,000. Bidhaa zinazouzwa kwa mwezi zinamgharimu 580,800. Maana yake shehena yote inazunguka mara moja kwa mwezi, hata kidogo chini ya hapo. Kwa duka linaloishi kwa mkate, maziwa, unga na sukari, mzunguko huo ni wa kobe.

Kijana wa kaunta alipewa kazi ya kupitia rafu moja baada ya nyingine na kuandika kila kitu, idadi yake, na mara ya mwisho kuagizwa. Zilipatikana aina 480. Kati ya hizo, 75 ndizo zilizoleta takriban nne kwa tano ya mauzo. Aina 140 zilikuwa hazijauzwa hata moja kwa siku 60, na ndani yake zimelala shilingi 210,000. Humo mlikuwa na dengu za aina sita, makopo ya achari ya namna nne, gunia la muthokoi lililofunguliwa na kuchotwa mara tatu, tambi za pakiti, siki za rangi rangi, na katoni ya peremende za jeli ambazo Waislamu hawazitaki kwa kuwa haijulikani jeli yake imetoka kwa mnyama gani, na wasiokula nyama hawazitaki kwa sababu hiyo hiyo.

Ukizitazama zile 75 zinazotembea, utaona jambo ambalo mwenye duka hakuliona kwa miaka. Karibu zote ni za watu wote. Unga wa ngano ni mahamri kwa huyu, chapati kwa yule, puri kwa mwingine, kaimati jioni za Ramadhan. Samli na hiliki zinakwenda kwenye biriani ya Idd na kwenye vitamu vya Diwali. Unga wa dengu ni bajia upande mmoja wa barabara na viazi karai upande wa pili. Sukari, mchele, mafuta ya kupima, majani ya chai, nyanya za mkebe, viungo, sabuni: hakuna kabila hapo. Kinachowatofautisha wateja wa mtaa huu ni siku wanayokitaka kitu, kipimo wanachokitakia, na kitu gani hawataki kiguse chakula chao. Mambo hayo matatu hayatibiwi kwa kuongeza rafu.

Mizani moja

Anza na mguso, maana ndio uliokuwa ukifukuza watu kimya kimya.

Duka lilikuwa na mizani moja karibu na mlango. Asubuhi ilipima omena kwa mama wa Kiluo, kisha ng'onda, kisha mayai yakawekwa juu yake kwa muda, kisha sahani ikapanguswa kwa kitambaa na unga wa dengu ukamiminwa. Kikombe cha kuchotea kilikuwa kimoja kwa magunia manne. Kwa mteja asiyekula samaki wala yai, na kwa Mjaini hasa, unga huo umekwisha kuharibika. Hatagomba. Atauliza kwa upole kama kuna pakiti iliyofungwa kiwandani, akiambiwa hakuna atashukuru na kwenda zake, na wiki ijayo hatapita tena. Daftari lilionyesha unga wa dengu uliokuwa ukiuzwa kilo 40 kwa wiki umeshuka hadi 12. Mwenye duka aliusoma upungufu huo kama kukosa aina, ndipo akaleta dengu mpya, nazo zikalala palepale kwa sababu zilipimwa kwenye mizani ileile.

Marekebisho hayakuwa ya gharama kubwa. Ilinunuliwa mizani ya pili ikawekwa upande wa ndani kabisa, kwa nafaka, unga na viungo tu. Ya mlangoni ikabaki ya samaki wakavu, vitunguu, viazi na kadhalika. Kila gunia likapewa kikombe chake, kimefungwa kwa uzi ili kisihame. Mayai yalishushwa rafu ya chini kabisa mbali na unga, na samaki wakavu wakahamishiwa kwenye sanduku lenye kifuniko karibu na mlango, ambako upepo unatoa harufu nje. Hilo la harufu lina faida nyingine: majani ya chai hunyonya kila kinukacho, na chai yenye harufu ya papa hairudishwi dukani, hulalamikiwa mtaani.

Mizani ya pili ina masharti. Sheria ya Kenya inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri na maofisa wa vipimo kila mwaka. Mizani ndogo za jikoni zinazouzwa kwa bei nafuu hazikubaliwi kwa biashara hata zikiwa sahihi, na wengi hunaswa hapo, kwani huiona kama nyongeza tu isiyohitaji muhuri. Nunua iliyoidhinishwa, ipeleke ikakaguliwe kabla ya kuitumia, na uiweke mahali mteja anaona namba.

Kwa bidhaa za pakiti kutoka India, kuna alama ya kutafuta: duara la kijani ndani ya mraba wa kijani, maana yake hakuna nyama, samaki wala yai ndani. Wateja wa Kigujarati huitafuta kabla ya bei. Zote zenye alama hiyo zilipangwa pamoja, alama ikitazama mbele. Hakuna bidhaa mpya iliyonunuliwa.

Mvuje unastahili neno hapa. Wajaini wengi hawali vitunguu wala thomu, na mvuje ndio unaowapa harufu ya kukaanga dengu. Nyumba nyingi za Kiswahili zinaujua mvuje kwa kazi nyingine kabisa, ya kufukizia na kuwakinga watoto wachanga. Duka lilikuwa limeuweka pamoja na ubani na udi, kwa hiyo wapishi hawakuuona. Kikopo kimoja kikahamishiwa kwenye viungo, kimoja kikabaki kwenye ubani. Anayeuza ajue pia kwamba mvuje wa unga wa kopo kwa kawaida umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele. Asiyekula ngano anahitaji kusoma kopo.

Ramadhan iliyomnyonga

Pigo lenyewe lilitoka kwenye Ramadhan, msimu ambao mwenye duka alijiona anaujua kuliko wote.

Alinunua magunia 20 ya basmati ya bei ya juu, kilo 25 kila moja, kwa shilingi 90,000. Katoni 30 za tende za kilo 10 kwa 54,000. Na balo 40 za unga wa ngano, zenye pakiti 12 za kilo mbili, kwa 76,000. Jumla 220,000, na 120,000 kati yake ni mali kauli ya siku 30, yaani mkopo wa muuzaji wa jumla. Bidhaa zilifika dukani siku tatu kabla ya mwandamo. Baada ya Idd alikuwa amebaki na magunia tisa ya basmati na katoni 11 za tende, na unga wa ngano ulimwishia siku ya 22, kabla ya siku ambazo kila nyumba inaoka.

Kosa la kwanza ni tarehe. Mabohora hawangojei mwezi uonekane. Kalenda yao ni ya hesabu, miezi ya siku 30 na ya siku 29 ikipokezana, na Ramadhan kwao ni siku 30 daima. Kwa kawaida huanza siku moja au mbili kabla ya wengine. Nyumba hizo zilikuwa zimekwisha kununua kila kitu mjini wakati lori la duka linashusha. Na Waswahili wenyewe wana vunja jungu, siku za mwisho za Shaaban ambapo watu hula vizuri kabla ya funga kuingia: pilau, nyama, vinywaji. Ununuzi wa vunja jungu na wa futari ya kwanza huungana, na mtu akishakwenda mjini kwa hayo hurudi na tende pia. Duka la mtaa linatakiwa liwe na mzigo wa Ramadhan kuanzia siku kumi kabla, lakini theluthi moja tu ya mzigo.

Halafu kuna mshahara. Ramadhan hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2024 ilianza wiki ya pili ya Machi, 2025 mwanzoni mwa Machi, na 2026 katika wiki ya tatu ya Februari. Ikianza siku za kwanza za mwezi, watu wana mshahara mfukoni. Ikianza katikati ya Februari, karo za Januari zimekwisha kuwakausha na mshahara uko mbali, kwa hiyo siku kumi za kwanza zote ni za daftari la deni. Shehena ileile, mtaa uleule, lakini pesa zinaingia wiki mbili baadaye, na mali kauli ya siku 30 haijui hilo. Mwaka kama huo, omba siku 45 kabla ya kuchukua mzigo, au punguza mzigo.

Kosa la pili ni kudhani mwezi wote ni mmoja. Makumi yake matatu yana ununuzi tofauti. Kumi la kwanza ni la tende, maziwa, sukari, unga wa uji, sabudana (punje za wanga wa muhogo), manda za sambusa, viazi vitamu na mihogo ya futari. Kumi la pili hulegea. Watu wamechoka kupika vingi, na waliokwenda mbio wamepunguza mwendo. Kumi la mwisho hubadilika kabisa: unga wa ngano, hamira, samli, hiliki, tambi, lozi na zabibu za biskuti na mikate ya Idd, na mchele wa fitra. Tende kufikia hapo imebaki ya kufungulia tu, punje tatu kwa mtu. Katoni 30 zilihitaji kuwa 18, na 12 kati ya hizo zifike kabla ya mwezi kuanza. Kilichosaidia kupunguza hasara ni wale wanaofunga siku sita za sunna baada ya Idd. Katoni nne zilikwenda kwao, zikiwa zimefungwa robo robo kwenye karatasi za kaki.

Fitra ndiyo iliyouma zaidi, kwa kuwa ni mauzo ambayo hayahitaji kutangazwa. Kila mwenye uwezo hutoa pishi moja ya chakula kwa kila kichwa cha nyumba yake, mtoto mchanga akiwemo, kabla ya swala ya Idd. Pishi ni vibaba vinne, na kwa mizani watu hukadiria kilo mbili na nusu hadi tatu. Nyumba 40 za wateja wa kudumu, watu watano kila nyumba, kilo tatu kwa kichwa: kilo 600, magunia 24. Tuseme nusu yao hutoa fedha kupitia msikiti au wananunua kwingine. Bado magunia 12. Lakini fitra hutolewa kwa mchele ambao nyumba hula kila siku, na duka lilikuwa na basmati ya karamu tu. Mtu wa vichwa saba hatanunua kilo 21 za mchele wa arusi.

Kwa nini hakuwa na mchele wa kati? Hofu ya zamani. India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati tarehe 20 Julai 2023, na mwezi uliofuata ikaweka bei ya chini ya dola 1,200 kwa tani kwa basmati. Vizuizi hivyo viliondolewa Septemba 2024, lakini wenye maduka waliokwisha kuungua walibaki na desturi ya kujaza stoo kwa mchele wa bei kubwa wakidhani ndio usioadimika. Mchele wa Pakistan umejaa mjini, na pishori ya Mwea ina wapenzi wake miongoni mwa watu wa bara; mchele wa kati haukuwa umeadimika.

Mpango uliowekwa kwa msimu uliofuata: magunia manane ya basmati, 14 ya mchele wa kati yanayoletwa mara mbili, na kuanzia siku ya 20 kijana anafunga mifuko ya karatasi ya kilo tatu, iliyopimwa tayari, ikipangwa karibu na kaunta. Anayekuja na orodha ya vichwa anahesabu mifuko tu. Unga wa ngano: balo 15 mwanzoni, 35 siku ya 18.

Kosa la tatu halikuwa la bidhaa. Mwenye duka hufunga, na baada ya daku na alfajiri hulala. Duka likawa linafunguliwa saa nne. Wakati huohuo vibanda na hoteli nyingi za mtaani hufungwa mchana, kwa hiyo wanafunzi na wafanyakazi wasiofunga wanahitaji mkate, maziwa, mayai na majani ya chai kutoka dukani kuliko mwezi mwingine wowote. Walikuta mlango umefungwa, wakaelekea barabara kuu, na wengine hawakurudi hata baada ya Idd. Kijana wa kaunta ni Mkamba na hafungi. Zamu ziligawanywa: yeye anafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, mwenye duka anachukua kutoka hapo, anafunga kwa ajili ya futari na swala, na anafungua tena baada ya tarawehe hadi saa sita usiku. Hili halikugharimu hata senti, na lingefaa kufanywa kabla ya yote.

Kalenda nyingine, kwa ufupi

Ukutani nyuma ya kaunta iliwekwa karatasi moja ya mwaka mzima. Navaratri, sikukuu ya Wahindu, huangukia Septemba au Oktoba, na wanaofunga siku hizo tisa hawali nafaka za kawaida: wanataka sabudana, viazi, njugu na chumvi ya mawe. Sabudana ni ileile iliyouzwa kwenye uji mtamu wa Ramadhan, kwa hiyo mfuko uliobaki haulali mwaka mzima. Wajaini wana siku za Paryushan, Agosti au Septemba, ambapo wengi huacha mboga za majani, usiwaletee. Diwali ilikuwa Oktoba 2025, na 2026 ni Novemba: unga wa dengu, samli, sukari, hiliki, korosho. Desemba watu wa bara husafiri. Unga wa mahindi hushuka kuanzia wiki ya tatu, na madeni yasiyokusanywa kabla ya tarehe 15 hungoja hadi Januari, ambayo ina karo. Chuo kikifungwa, tambi za pakiti na mayai hupungua kwa wiki ileile.

Muthokoi uliondolewa. Wanaoutaka ni nyumba sita, na hununua kwa kuagiza, kilo kumi mara moja kwa mwezi, wakilipa nusu mbele. Mboga za kienyeji nazo ziliachwa: managu na terere zikifika kutoka soko la Kongowea alfajiri, kufikia adhuhuri ya Mombasa zimesinyaa, na duka lisilo na mkono wa mboga hutupa nusu. Mama mboga mmoja alipewa baraza bila kodi. Anayenunua sukuma kwake hununua unga na mafuta ndani. Mwenye duka alisita sana juu ya hili, akiona anampa mtu biashara, lakini kwenye mboga alikuwa anapoteza.

Nazi

Hakuna bidhaa ya Mombasa inayoleta mguu dukani kama nazi, na duka hili lilikuwa likiziuza nzima tu. Mashine ya kukuna iliwekwa pembeni, na mteja anaondoka na nazi iliyokunwa. Msongamano wake ni saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na anayengoja nazi yake hukumbuka bizari.

Nazi ikipasuliwa mbele ya mteja ikawa mbovu, hasara ni ya duka, kwa kuwa aliyekuuzia jumla hapokei iliyopasuliwa. Kwa hiyo ukaguzi ni wakati wa kupokea: tikisa karibu na sikio usikie maji, isiyo na sauti imekauka au imepasuka ndani. Tazama macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, iweke kando. Nazi ikifuliwa hadi kipara, macho yako wazi na huharibika mapema kuliko yenye nyuzi. Agiza za siku mbili tatu, si za wiki.

Na kati ya kila 50, mwambie mfuaji aache kumi na kishungi cha nyuzi juu. Nazi ya ibada ya Kihindu hutakiwa na kishungi chake, kipara haifai. Ni nazi ileile kwa bei ileile, na wateja hao walikuwa wakienda hadi mjini kuifuata.

Unyevu

Stoo ilikuwa na unga umeegemezwa ukutani, chini sakafuni. Masika ya Machi hadi Mei, ukuta wa kisiwani hutoa jasho, na pakiti ya karatasi hunyonya. Unga huganda pembeni, kisha hutoa harufu ya uvundo, kisha fukusi. Kwa mahindi hatari ni kubwa zaidi: viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu (aflatoksini) isizidi sehemu 10 katika bilioni, na mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya sumukuvu. Duka halina kifaa cha kupima sumukuvu, na kuchekecha au kuanika hakuiondoi. Kinachowezekana ni kutonunua mahindi ya gunia yasiyojulikana yalikotoka, na kutoyaongezea unyevu.

Mbao za kuinulia ziliwekwa, zikiacha nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani. Cha kwanza kuingia kinatoka kwanza, na tarehe ya kufika huandikwa kwa kalamu kwenye kila balo. Bizari, giligilani na pilipili manga hununuliwa nzima katika soko la Marikiti na kusagwa za wiki moja tu. Zikisagwa nyingi huganda na kupoteza harufu, na mteja wa Mombasa hunusa kabla ya kulipa.

Kodi, na faida inayojificha

Kodi ya mauzo ni asilimia 3 ya mauzo yote, tangu Julai 2023, kwa biashara zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Haiulizi kama ulipata faida. Chukua gunia la sukari la kilo 50 lililonunuliwa 7,000 na kuuzwa 150 kwa kilo. Kilo moja ikipotea kwa kupimapima, mauzo ni 7,350, kodi 220, zinabaki 130, na karatasi za kufungia hazijahesabiwa. Sasa chukua kilo moja ya bizari nzima ya 700, ikafungwa pakiti 40 za gramu 25 kwa shilingi 25: mauzo 1,000, kodi 30, zinabaki 270. Kilo moja imeshinda gunia zima mara mbili.

Sukari haiachwi, maana ndiyo inayomleta mteja. Ila inauzwa taslimu au kwa till ya simu tu, haiingii daftari la deni kamwe. Kadhalika unga wa mahindi na mafuta. Deni linaruhusiwa kwa vitu vyenye faida ya kulibeba, na kila nyumba ina kikomo na siku ya kulipa inayolingana na mapato yake: mama wa mahamri anayechukua ngano asubuhi hulipa jioni, kibarua wa bandarini hulipa Jumamosi, mwajiriwa hulipa tarehe 2.

Zile bidhaa 140 zilizolala ziligawanywa. Zenye tarehe ndefu zilirudishwa kwa wauzaji wa jumla waliokubali kubadilishana na sukari, kwa hasara ya kama sehemu moja ya kumi. Dengu sita zikawa mbili, zilizopimwa kwenye mizani safi, na unga wake ukarudi kilo 31 kwa wiki, bado haujafika 40 za zamani. Baadhi ya nyumba zimekwisha kuzoea kununua mjini na huenda zisirudi. Peremende za jeli hakuna aliyezitaka. Siki zimebaki, na mwenye duka hakubali kuzishusha bei. Basmati tisa zilizobaki ziliuzwa kwa mpishi wa arusi kwa bei ya kununulia, na pesa hizo zilikwenda moja kwa moja kulipa mali kauli iliyokuwa imepita siku 19.